Ukuta Uliosafishwa

Siku ya kwanza ya muhula niliingia choo cha wavulana, na kosa halikuwa langu.

Nilitoka bwenini nikaweka mkono ukutani kama nilivyozoea muhula mzima uliopita. Nilikuwa natafuta mabakuli. Bakuli moja kwenye ukuta, usawa wa kiuno, maana yake darasa. Mawili yakifuatana, choo cha wasichana. Matatu, bwalo. Kila mwanafunzi asiyeona pale Shule ya Lukwego aliyajua mabakuli yale kuliko jina la mkuu wa shule. Asubuhi ile mkono uliteleza tu. Ukuta ulikuwa laini, ukaendelea kuwa laini, nikakata kushoto pale nilipodhani ndipo, na mvulana mmoja wa kidato cha nne akapiga yowe.

"We Atuganile! Huoni?"

"Sioni, mjinga wewe! Tangu nizaliwe sioni, na unajua!"

Walicheka mpaka kengele ya mstari. Nilisimama koridoni nimeegemeza paji la uso kwenye ule ukuta mpya, na nilikuwa na hasira ya kutafuna mawe. Sikukasirikia wavulana. Wavulana ni wavulana. Nilimkasirikia mtu ambaye sikumjua bado, aliyekuja likizo tukiwa majumbani kwetu na kupitisha mkono wake juu ya mkono wangu.

Ndipo Tusekile akanifikia. Nilimjua kwa harufu ya mafuta yake ya nywele. Tusekile hasikii, mimi sioni, na urafiki wetu tangu darasa la tatu umeishi kwenye kiganja changu cha kushoto, maana huandika humo kwa kidole, herufi moja moja, haraka kuliko wengine wanavyoongea. Aliandika kwa nguvu mpaka ukucha ukaniuma.

WAMEFUTA. MADIRISHA YANGU PIA. NJOO.

*

Chumba cha sanaa kilinuka udongo mbichi kama kawaida, na hilo kidogo lilinituliza. Katikati ya chumba palikuwa na meza, na juu ya meza, chini ya kitambaa chenye maji, palikuwa na mbegu.

Mbegu ni shule yetu, ndogo ya kutosha kuzungukwa na mikono ya watu wanne. Imefinyangwa kwa udongo uleule uliojengea shule kubwa, udongo uliotengenezwa maabara na kampuni ya Kuta Hai, na udongo huo una tabia moja: mkubwa humfuata mdogo. Ukiminya mbegu, jengo litajiminya mahali palepale, mara ishirini zaidi. Alama ya dole gumba kwenye mbegu huwa shimo la ukubwa wa bakuli la kunawia mikono kwenye ukuta. Mbegu ikiwa baridi jengo hufuata polepole, wiki nzima, na usiku mkiwa mmelala mnasikia kuta zikiguna kama ng'ombe anayecheua. Mbegu ikipashwa moto hufuata hapohapo. Basi hakuna haja ya fundi wala ramani. Kuna haja ya mikono tu, na mtu fulani serikalini siku moja alipata akili akauliza, kwa nini isiwe mikono ya wanafunzi wenyewe?

Mihula miwili nyuma tuliifinyanga, muhula mzima, na Mwalimu Edda wa sanaa. Tuligombana mpaka tukanuniana. Sisi tusioona tulitaka tuta sakafuni la kufuata kwa fimbo, wenzetu wa viti mwendo wakasema tuta hilo litawamwaga. Viziwi walitaka madirisha kati ya darasa na korido ili waonane mikono wakizungumza, wengine wakasema baridi ya Rungwe itatuua. Tuta tukaliondoa sakafuni, tukachimba mabakuli ukutani. Madirisha yakapita, kwa masharti ya mapazia. Shule ikatoka na makunyanzi na matundu, na wageni wenye macho walisema inafanana na kiazi kikuu. Sisi tulitembea ndani yake bila kushikwa mkono na mtu.

Sasa niliondoa kitambaa nikaipapasa. Nikapapasa korido, nikapapasa bwalo, nikarudi nyuma kama mtu aliyepoteza ufunguo. Hakukuwa na alama hata moja ya mtu. Ilikuwa kama sabuni iliyotumika.

"Nilitaka niwaambie mapema," sauti ya Mwalimu Edda ilisema mlangoni. "Atuganile, mwanangu, walinionyesha picha ya shule itakavyokuwa. Ilikuwa nzuri. Nikaona ni nzuri, nikanyamaza."

"Nzuri kwa nani, Mwalimu?"

Alisogea kando. Nyuma yake viatu vizito viliingia, viatu vya mtu asiyejiuliza kama pana hatua ya kujikwaa. Alikuwa Mhandisi Kessy wa Kuta Hai. Alinishika bega bila kuniuliza.

"Huyu ndiye mwenye madole gumba? Hongera sana, binti. Mlifanya kazi ya moyo. Roho ya kazi yenu ipo yote, sisi tumeipitisha kwenye Msafishaji tu."

"Msafishaji ni nini?"

"Mashine. Inasoma mbegu kwa kamera, inatofautisha usanifu na makosa ya mikono. Alama za vidole, mikunjo, matundu yasiyolingana, inayaondoa. Bila hivyo mkubwa atafuata kila kosa la mdogo."

"Yale hayakuwa makosa. Yale yalikuwa maandishi."

"Naelewa, naelewa." Hakuelewa. "Tumewaza hilo. Tutaweka spika. Ukipita, ukuta unakwambia: choo, darasa, bwalo."

"Kwa umeme wa huku? Mvua ikinyesha Rungwe umeme unaenda wiki. Nitajizuia haja wiki nzima nikisubiri ukuta uongee?"

Mwalimu Edda alikohoa kuficha kitu, kicheko au kilio. Tusekile alikuwa ameshika kiganja changu, akiandika anachokiona kwenye ukuta wa nje wa bwalo kupitia mlangoni. WAMECHORA PICHA KUBWA. VIPEPEO. WANAFUNZI WANATABASAMU. VIZIWI WAMEKAA, MIKONO MAPAJANI.

Niliisoma mara mbili. Mikono mapajani! Kiziwi mwenye mikono mapajani ni mtu aliyezibwa mdomo. Walitaka kutuchora, wakamchora Tusekile amezibwa mdomo, na wakampa tabasamu.

"Ijumaa anakuja mgeni rasmi," Mhandisi aliendelea, maana mtu wa namna ile huendelea. "Tutamimina dawa ya kukausha. Mbegu ikishakauka na jengo linakauka, linakuwa jiwe. Halibadiliki tena. Na wewe, binti, tumekuchagua. Kabla ya dawa tutaipasha mbegu moto, utaweka kiganja chako hapa getini, na wageni wataona kiganja kikubwa kikiota kwenye nguzo ya geti. Kitabaki milele."

Nilifungua mdomo nimtukane. Bibi yangu angenisamehe. Kisha neno lake moja likanizunguka kichwani: moto. Mbegu ya moto, mkono wangu juu yake, na mkubwa akimfuata mdogo hapohapo.

"Sawa, Mhandisi," nilisema kwa sauti ya mtoto mwema. "Nashukuru kwa heshima hiyo."

*

Nilimkuta Lusajo kwenye korido ya mteremko, ile inayopakana na yetu kwa ukuta mmoja. Lusajo ni mwenzangu wa darasa, ana ulimi mkali kama wangu na miguu isiyomsikiliza. Alikuwa anashuka na kupanda, anashuka na kupanda, na magurudumu ya kiti chake yalitoa mlio mmoja usiokatika. Nilimweleza mpango wa kuyachimba mabakuli upya Ijumaa. Nilidhani atapiga makofi.

"Usiiguse korido yangu," alisema.

"Nini?"

"Umenisikia. Chimba kwingine kote. Huu ukuta uuache."

"Huu ukuta ndio njia yetu kwenda kila mahali! Lusajo, wametufuta! Wewe ndiwe uliyesema akidharauliwa mmoja tumedharauliwa wote!"

"Nilisema. Sasa nipe mkono wako."

Nikampa, nikijua atanifanyia dhihaka fulani. Aliushika akaupitisha juu ya vifundo vya vidole vyake. Vilikuwa na makovu, mengine magumu, mengine bado yana magamba. Nilirudisha mkono, yeye akaushika tena.

"Unajua hayo nimeyapata wapi? Kwenye mabakuli yako. Ukichimba upande wako bakuli, upande wangu linatoka nundu. Nashuka na kiti, mkono uko kwenye gurudumu, nundu inanipiga. Muhula mzima, Atu. Kila nikienda kula."

"Mbona hukusema?"

"Niseme lini? Baada ya wewe kulia kwenye kikao kwa sababu ya tuta? Shule nzima ilikuwa Atuganile kagundua, Atuganile kachimba. Nikisema mimi, nitaitwa mchawi. Mhandisi wenu ni mshenzi, sikatai. Lakini leo nimetoka darasani mpaka bwaloni bila kutoka damu, na ni mara ya kwanza."

Wanasema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mimi nilikuwa maiti, yeye alikuwa maiti, na tulikuwa tunagombania kaburi. Nilimkasirikia vibaya sana. Nilimkasirikia kwa kunyamaza, kwa makovu yake, kwa kuwa na haki. Ningekuwa na hakika kwamba yeye ndiye mkosefu ningelala usingizi. Sasa nilikuwa na nafasi moja ya udongo wa moto, na kama ningeitumia nilivyotaka, Lusajo angetoka damu mpaka amalize shule, na ambao wangemfuata wangetoka damu baada yake. Nisingeitumia, mimi na wote wasioona tungekuwa wageni kwenye nyumba yetu, tukishikwa mkono kwenda chooni.

Yule mwanamume wa viatu vizito alituweka pale. Yeye ndiye aliyetupa nafasi moja badala ya muhula. Nalisema hilo wazi kwa sababu watu hupenda kusema, "Hata wao kwa wao hawaelewani." Tungepewa muda tungeelewana. Muda ndio walioufuta kwanza.

Nilikwenda chumba cha sanaa nikachukua bonge la udongo wa kawaida, wa mfinyanzi, nikaanza kuliponda mezani ili nisimpige mtu. Bibi yangu ni mfinyanzi huko Matema, kando ya Ziwa Nyasa, anauza vyungu sokoni tangu mama yangu hajazaliwa. Mikono yangu ilianza kufinyanga chungu bila kuniuliza, na nilipobonyeza ukuta wake kwa dole gumba, niliisikia sauti ya bibi na kofi lake dogo juu ya kidole. Alinipiga kofi lile mara nyingi nilipokuwa mdogo. "Kidole cha ndani kisifanye kazi bila cha nje kujua! Mkono wa nje unapokea. Usipopokea, chungu kinaota kitambi."

Nikaacha kufinyanga.

Kwenye mbegu nilichimba kwa dole gumba tu. Korido ya upande wa pili sikuwa nikiifikia, meza ilikuwa pana, na hakuna aliyekuwa amekaa huko kupokea. Nundu za Lusajo zilikuwa kitambi cha chungu.

Nilimwita. Alikuja akinuna, nikamwekea kibao cha udongo kimesimama kati yetu. "Weka kiganja upande wako. Kaza. Mimi nabonyeza, wewe unakataa."

Nikabonyeza. Nilisikia mkono wake ukinikataa kupitia udongo. Ulikuwa na nguvu, mkono wa mtu anayejisukuma mwenyewe kila siku. Udongo haukuwa na pa kutokea ukajisambaza juu na chini. Upande wangu palikuwa na bakuli. Upande wake alipapasa, akapapasa tena.

"Pamenyooka," alisema.

"Kwa hiyo nauhitaji mkono wako. Na bado nimekukasirikia."

"Sawa. Na mimi nimekukasirikia."

Tusekile alikuwa ametusimamia muda wote. Alichukua kiganja changu. MADIRISHA? Nikamwandikia kwenye chake kwamba yake ni rahisi, kidole kikipenya tu ni dirisha, ataingia mwisho sisi tukimaliza. AHIDI, akaandika. Nikaahidi.

*

Ijumaa palikuwa na maturubai, ngoma, na spika zinazokwaruza. Jengo lilifungwa tupu kwa usalama, wageni wakakaa uwanjani, mbegu ikawekwa mbele yao juu ya meza yenye kitambaa cha satini. Mkuu wa shule alihutubia mpaka jua likatuhama. "Kidole kimoja hakivunji chawa, Mheshimiwa!" alisema, watu wakapiga makofi, akalirudia. Alimshukuru kila mtu mwenye gari.

Kisha mshereheshaji akaniita. Mwalimu Edda alinisindikiza hadi mezani, na joto la mbegu likanigusa uso. "Geti liko mkono wako wa kulia," alininong'oneza. Kisha akanisogeza kushoto, mpaka kwenye korido, akaniachia. Sitamsamehe kunyamaza kwa ajili ya picha ile, lakini hatua hiyo nimeiweka kwenye hesabu yake.

"Naomba mwenzangu Lusajo anisaidie," nilisema kwenye kipaza sauti. Magurudumu yake tayari yalikuwa yanakuja.

Mkono wake ukaingia upande wa pili. Nikabonyeza. Udongo wa moto ni laini kama ugali uliotoka jikoni, na nyuma yetu shule nzima ikaguna. Watu wakapiga kelele. Sikungoja. Bakuli moja, darasa. Mawili, choo. Kila nilipobonyeza Lusajo alinikataa, na nilifurahi kukataliwa vile kuliko nilivyowahi kufurahia kukubaliwa.

"Si hapo!" Mhandisi alinong'ona, karibu sana. "Binti, si hapo! Getini!"

"Kunatokea nini?" sauti nzito iliuliza kutoka viti vya mbele. Alikuwa mgeni rasmi.

Viti vya viongozi vilikwaruza. Wote walijua haikuwa kwenye ratiba, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumwambia Mheshimiwa kwamba ratiba imeharibika mbele yake.

"Ni... sehemu ya onyesho, Mheshimiwa," mkuu wa shule alisema.

"Safi sana!" Mheshimiwa akapiga makofi, na kwa kuwa yeye amepiga, uwanja mzima ukapiga. Mhandisi hakuweza kuninyang'anya mbegu katikati ya makofi yale. Nilicheka kwa sauti. Nilibonyeza matatu ya bwalo, la mwisho kwa nguvu mpaka Lusajo akasema, "Polepole, unanivunja."

"Tusekile!" niliita, jambo la kijinga kumwita asiyesikia, lakini Lusajo alikuwa amempungia. Nilisikia harufu ya mafuta yake ya nywele. Alijipenyeza kati yetu, nikasikia pumzi yake, na kidole chake kikaingia kwenye ukuta wa darasa na kutokea upande wa pili. Watu wakasema "Aaah!" kwa sababu kwenye jengo kubwa tundu la duara lilikuwa limefunguka na kuonyesha mwanga.

Na Mhandisi akamimina dawa.

Alisema baadaye kwamba muda wa ratiba ulikuwa umefika. Nilisikia maji yakimwagika, kisha mlio mkavu kama chungu kinachopasuka tanuruni, kisha mlio huohuo, mkubwa, kutoka shuleni. Tusekile alitoa sauti. Hatoi sauti mara kwa mara. Alichomoa kidole ngozi ikiwa imebaki ukutani. Nilipopapasa mbegu ilikuwa jiwe.

*

Naandika haya nikiwa kidato cha nne. Naenda chooni mwenyewe. Lusajo anashuka mteremko kwa kasi ya kufukuzwa shule, na vifundo vyake vimepona. Watu wakija kututembelea tunaitwa mfano wa kuigwa, na mkuu wa shule anawaonyesha mabakuli kama vile aliyachimba yeye. Viziwi wa kwenye picha bado wamekaa na vipepeo vyao, mikono mapajani.

Dirisha la Tusekile lipo, moja tu. Ni la duara, ukubwa wa sinia, kati ya darasa la kidato cha tatu na korido. Wakati wa mapumziko viziwi wote wa Lukwego hupanga foleni pale, wawili wawili, mmoja huku na mmoja kule, wakizungumza upesi kwa sababu wengine wanangoja. Mheshimiwa alilisifu sana siku ile. Alidhani ni pambo.

Nina hasira na Mhandisi, na nina hasira na Msafishaji wake, na siku nyingine, nikipita pale na kusikia viatu vya wanaongoja zamu, nina hasira na mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyemweka mwisho. Nilimwandikia hivyo kiganjani. Alichukua mikono yangu miwili akaiweka juu ya yake, akainyoosha yote wazi, nikavipapasa vidole vyake kimoja baada ya kingine mpaka nikafika kile chenye kovu.

Wangempa dakika moja zaidi. Alikuwa na vidole kumi.